Joto la Mitambo na Bahari ya Tungue: Hesabu Ifanywe Mbele Yetu



Tuliposema tawini kwamba toleo hili tutaandika juu ya joto la maji ya bahari, wenzetu wengine walicheka. Walituuliza, mishahara inachelewa, viatu vya kazi havitoshi, na ninyi mnataka kupima bahari? Swali lao ni la haki, nasi tunalijibu kabla ya kwenda mbele.

Mfanyakazi wa Tungue hali mshahara wake peke yake. Yule anayebeba zege mchana ana mke anayeokota chaza maji yakipwa, ana kaka mwenye ngalawa, ana mama anayekausha samaki. Kazi ya ujenzi ni ya mkataba, na mkataba una mwisho. Siku unapoisha, kampuni hurudisha kofia yake na kitambulisho chake, na huyu ndugu hurudi pwani. Bahari ndiyo kiinua mgongo chetu. Basi anayeigusa bahari anagusa mfuko wa mfanyakazi, hata kama karatasi ya mshahara haionyeshi.

Wote tunajua habari ya gesi. Mwaka 2010 iligunduliwa gesi nyingi chini ya bahari mbele ya pwani yetu. Hekta elfu kadhaa za rasi ya Afungi zikatengwa kwa ajili ya mitambo, na watu wa Quitupo na vitongoji vya jirani wakahamishiwa kijiji kipya cha Quitunda, mbali na fukwe walizozizoea. Machi 24, 2021 Palma ilishambuliwa, watu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua, na mwezi uliofuata kampuni ikasimamisha mradi. Mwezi wa Novemba 2025 ilitangazwa kwamba kizuizi hicho kimeondolewa. Mitambo ya Afungi imepangwa kutoa tani milioni 13 hivi za gesi ya kimiminika kila mwaka. Huko nje kwenye bahari kuu, katika kina cha mita 2,000 hivi, meli-kiwanda iitwayo Coral Sul imekwisha kuanza kazi. Shehena yake ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Ya pili, Coral Norte, ilikubaliwa kujengwa mwezi wa Oktoba 2025.

Sasa tuje kwenye joto. Gesi haigeuki kuwa maji mpaka ipozwe kufika kama digrii 160 chini ya sifuri. Aliye na friji nyumbani ajaribu kuweka mkono nyuma yake: mbele samaki anaganda, nyuma kuna moto. Joto lililotolewa kwa samaki halikupotea, limehamishwa tu. Mtambo wa gesi ni friji kubwa kupita kiasi, na mgongo wake lazima utoe joto mahali fulani. Ama linapulizwa hewani kwa mafeni makubwa, ama linachukuliwa na maji ya bahari yanayovutwa kwa pampu, yakapita kwenye mabomba, yakarudishwa baharini yakiwa na moto. Meli-kiwanda za gesi hutumia maji ya bahari. Mitambo ya umeme ya mvuke iliyojengwa pwani mara nyingi hufanya vivyo hivyo. Kwa lugha ya gereji, bahari imefanywa maji ya rejeta.

Ni maji kiasi gani? Tupige hesabu pamoja, maana si ngumu. Chukua mtambo wa umeme wa mvuke wa megawati 1,000. Ili utoe umeme huo, lazima uchome mafuta au makaa yenye nguvu ya megawati 2,500 hivi. Sehemu ya nguvu inayobaki inatoka na moshi, na kama megawati 1,200 zinaingia kwenye maji ya kupozea. Maji ya bahari ya ujazo wa mita moja yakipandishwa joto kwa digrii 10 huchukua megajuli 40 hivi. Gawa 1,200 kwa 40, utapata mita za ujazo 30 kila sekunde. Pipa la mafuta lina lita 200. Kwa hiyo ni mapipa 150 ya maji ya moto kila sekunde, mchana na usiku, Ijumaa na Jumapili.

Hapa kuna ujanja wa kwanza ambao kila kiongozi wa tawi yafaa aujue. Kampuni inaweza kusema, "Sisi hatupandishi digrii 10, tunapandisha digrii 5 tu." Makofi yakapigwa. Lakini joto ni lile lile. Ili lipande digrii 5 tu, maji lazima yawe mapipa 300 kwa sekunde badala ya 150. Digrii bila idadi ya mapipa ni kama kuambiwa malipo ya saa bila kuambiwa saa za kazi.

Ujanja wa pili ni wa mchanganyiko. Pipa moja lenye digrii 10 za ziada, ili lishuke lifike digrii 1 ya ziada, linahitaji mapipa tisa ya maji baridi. Yale mapipa yetu 150 yanahitaji basi mapipa 1,350 ya maji mapya kila sekunde. Kwenye bahari kuu yapo. Kwa haki tuseme hivyo: pale ilipo Coral Sul kina ni kirefu na mkondo una nguvu, na joto lake haliwezi kulinganishwa na joto la bomba linalomwaga ghubani. Ghuba ni kitu kingine. Maji yanayotoka na kupwa yanarudi na kujaa. Lile pipa la maji baridi unalolitegemea saa nane mchana ni lile lile uliloliwasha saa mbili asubuhi.

Ndipo linapokuja neno ambalo wataalamu hulitaja kwa haraka kwenye mikutano: modeli. Wananchi huinamisha vichwa, mtaalamu akafungua picha ya bahari yenye doa jekundu dogo, akasema "modeli inaonyesha athari ni ndogo", na mkutano ukaisha. Ndugu, modeli si uchawi, wala si uongo. Ni hesabu. Kompyuta inaikata bahari vipande vipande kama matundu ya wavu. Kila tundu linaandikiwa kina chake, joto lake na chumvi yake. Kisha kompyuta inapewa upepo, mkondo, kupwa na kujaa, na inauliza, tundu kwa tundu, dakika kwa dakika: kiasi gani cha joto kimeingia kutoka kwa jirani, kiasi gani kimetoka, kiasi gani kimepotelea hewani? Inarudia hesabu hiyo mara nyingi mno, mpaka doa la joto lichoreke lenyewe. Kazi hiyo ni nzuri. Mtu aliyeifanya kwa uaminifu anaweza kuona jambo kabla halijatokea, nasi hatuna ugomvi naye.

Ugomvi wetu uko kwenye kinachotiwa ndani. Wavu wa matundu makubwa haunasi dagaa. Ikiwa kila tundu la modeli lina upana wa mita 500, huwezi kuona kinachotokea mita 100 kutoka kwenye mdomo wa bomba. Na mita 100 si namba tuliyoiokota njiani. Miongozo ya Benki ya Dunia ya mwaka 2007 inasema maji yaliyomwagwa yasizidi joto la kawaida la bahari kwa zaidi ya digrii 3 kwenye ukingo wa eneo la mchanganyiko, na pale ambapo eneo hilo halikuwekwa, ipimwe mita 100 kutoka bomba. Kwa hiyo karibu na bomba inatakiwa hesabu yake ya pekee, ya jinsi maji yanavyoruka, yanavyochanganyika na yanavyopanda juu, maana maji ya moto ni mepesi na huelea. Mbali na bomba inatakiwa hesabu nyingine ya mkondo na upepo. Atakayetuonyesha moja tu, tumwulize ya pili iko wapi.

Tena maji ya moto yakichanganywa na maji ya chumvi nyingi yanayotoka kwenye mtambo wa kusafishia maji ya kunywa, hayaelei kama kawaida. Chumvi inayavuta chini. Yanaweza kutambaa sakafuni, juu ya majani ya bahari, pale pale anapozaliwa samaki mdogo na pale wanapookota mama zetu.

Halafu kuna wakati. Bahari ya Tungue haina sura moja. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki ya bahari ya Hindi unaipiga Afrika karibu na rasi ya Cabo Delgado, unagawanyika, tawi moja linakwenda kaskazini kuelekea Mtwara na Zanzibar, jingine linashuka kusini. Sisi tunakaa kwenye njia panda ya maji. Wakati wa kusi bahari inachafuka na kila kitu kinachanganyika. Wakati wa bamvua maji yanatoka mbali, yanarudi kwa kasi. Lakini wakati wa maji mafu, miezi ya maleleji, Machi na Aprili, kusi bado haijashika na kaskazi imekwisha kuchoka, ghuba hulala kama mafuta kwenye sahani. Ndiyo miezi ambayo bahari yenyewe ina joto kuliko miezi yote. Na matumbawe hayana nafasi ya kujitanua: joto likizidi kilele chao cha kawaida kwa digrii 1 tu kwa majuma kadhaa, yanageuka meupe na yanaweza kufa. Tuliliona hilo mwaka 1998, matumbawe yalipokufa kwa wingi kuanzia Kenya mpaka Msumbiji na Shelisheli, na hapakuwa na bomba hata moja. Lilikuwa joto la bahari yenyewe.

Kwa sababu hiyo tunakataa wastani wa mwaka. Mfanyakazi haitaji kufundishwa hila ya wastani. Meneja akipata 910, na wafanyakazi tisa kila mmoja akipata 10, wastani wa kiwanda ni 100, na mtu anaweza kusimama redioni akasema kwamba katika kiwanda kile watu wanalipwa 100. Modeli iliyopigwa kwa mkondo wa wastani, upepo wa wastani na joto la wastani itasema kweli namna hiyo hiyo. Sisi tunataka hesabu ya juma baya kuliko yote: maji mafu, maleleji, mwezi wa Machi, mitambo yote ikifanya kazi. Chaza akifa juma hilo, majuma hamsini na moja yaliyobaki hayamfufui.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mara nyingi kampuni hupiga modeli ya joto kwa ajili yake yenyewe pia. Maji ya moto yakizunguka na kurudi kwenye mdomo wa kuvutia, mtambo haupoi vizuri, na faida inapungua. Kwa hiyo mahali pa bomba huchaguliwa kwa uangalifu mkubwa ili joto lisirudi mtambooni. Hatuoni ubaya katika hilo. Tunauliza tu kama uangalifu huo huo umetumika kuchungulia joto linakwenda kwa nani linapoacha kurudi mtambooni.

Wenzetu wa mashamba ya mkonge hawahitaji maelezo marefu hapa. Wanajua maji ya korona: yalivyokuwa yakitoka na harufu yake na rangi yake, na mto ulio chini ukawa si mto tena. Maji ya moto ni mabaya zaidi kwa upande mmoja, maana hayana rangi wala harufu. Mvuvi anaona samaki wamehama, anadhani ni bahati mbaya yake.

Ya kwamba hili linaweza kutokea si maneno ya pwani. Huko Florida, Marekani, mtambo wa umeme wa Turkey Point ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, ukamwaga maji ya moto kwenye ghuba ya Biscayne, ghuba ya maji machache kama sehemu nyingi za kwetu. Majani ya bahari yalikufa mbele ya mdomo wake. Serikali ikaenda mahakamani, na mwaka 1971 kampuni ikakubali kuchimba mifereji mirefu ya kupozea maji nchi kavu badala ya kuyamwaga ghubani. Yaani nchi tajiri, yenye wataalamu wote, ilijifunza baada ya kuharibu.

Karibu zaidi, tazameni Lamu. Palikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, ambao ungepozwa kwa maji ya bahari. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka 2016. Watu wa Lamu, wavuvi wakiwamo, hawakukubali. Walikwenda kwenye baraza la mahakama ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla yake, mwezi wa Aprili 2018, mahakama kuu ya Kenya ilikwisha kuamuru wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Hatusemi kwamba Afungi ni Kwasasi. Gesi si makaa, na wengi wetu tunazitaka kazi za Afungi, tena tunazitaka ziwe nyingi kuliko zilivyo. Tunasema kwamba wavuvi wa Lamu walisomewa karatasi, wakazielewa, wakazijibu kwa karatasi.

Kwetu sisi karatasi ina historia. Mwaka 1887 Wareno waliinyang'anya Tungue kutoka kwa Sultani Barghash wa Zanzibar kwa manowari, na mipaka ya nchi hii ilichorwa Ulaya na watu ambao hawakujua bamvua wala maji mafu. Wajukuu tumeishi na mistari yao. Hatupendi mstari mwingine, hata ukiwa mwekundu na umechorwa na kompyuta, uwekwe juu ya bahari yetu na watu wasiotuuliza.

Tueleze na letu. Zamani tulikuwa vijana katika kiwanda kimoja, ambacho jina lake tunaliacha. Kiwanda kilimwaga maji ya moto mtoni, na sheria ilitaka joto lipimwe kila siku. Tuliagizwa tupime saa kumi na moja alfajiri, kabla zamu ya kwanza haijawasha mitambo yote. Tukaandika namba nzuri miaka miwili. Siku moja mwenzetu mmoja alipima saa tisa mchana, akaandika alichokiona. Kesho yake alihamishiwa bohari, na daftari likapotea. Hakuna aliyeandika uongo katika lile daftari, na bado daftari zima lilikuwa la uongo. Sisi tuliobaki tukaendelea kupima alfajiri. Tunalisema hili kwa aibu, maana chama kilikuwapo na hatukukiambia.

Kwa hiyo tunachodai si kikubwa. Kwanza, kila bomba litakaloingia ghuba ya Tungue lielezwe kwa maandishi: linatoa maji ya kupozea, au maji ya chumvi, au maji ya vyoo, au maji ya kujaribia mabomba, mapipa mangapi, digrii ngapi, dawa gani ndani yake. Maana maji ya kupozea mara nyingi hutiwa klorini ili chaza wadogo wasiote mabombani, na dawa inayoua chaza ndani ya bomba haijui kuchagua ikishatoka nje. Maelezo hayo yatolewe kwa lugha tunazozisema, Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, wala si Kireno cha mawakili peke yake. Sheria ya mazingira ya Msumbiji ya mwaka 1997 na amri namba 54 ya mwaka 2015 zinataka wananchi washirikishwe. Mtu hashirikishwi kwa lugha asiyoijua.

La pili linawahusu hasa wanachama wetu. Mfanyakazi anayesoma kipimo cha maji yanayotoka alindwe na mkataba wa pamoja. Akiandika namba mbaya asihamishwe, asifukuzwe, na nakala ya daftari lake ipelekwe tawini kila mwezi. Saa za kupima zisichaguliwe na meneja. Zifuate maji: kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu. Tunajua wengine watasema mambo ya mazingira si ya mkataba wa kazi. Mbona usalama wa kazini umo? Mtu aliyefukuzwa kwa kuandika kweli amefukuzwa kazini, hakufukuzwa baharini.

Na modeli yenyewe tunaweza kuijaribu. Wataalamu wa bahari wa dunia nzima hutupa vitu vinavyoelea ili waone mkondo unakwenda wapi. Sisi tuna wavuvi wanaojua kila mlango kati ya Tecomaji na Rongui. Chukueni chupa, zijazeni maji karibu zizame, ili upepo usizisukume, zipakeni rangi na namba, mzitupe pale bomba linapokusudiwa kuwekwa. Mara nne, kwa kusi, kwa kaskazi, kwa bamvua na kwa maji mafu. Andikeni zilikookotwa na saa. Kisha tumpelekee mtaalamu, tumwombe aweke picha yake kando ya yetu. Zikifanana, tutamwamini zaidi kuliko jana, na tutasema hivyo hadharani. Zisipofanana, ana kazi ya kufanya kabla ya bomba kufukiwa.

Nazi haifai kwa kazi hiyo, ndugu wa mashamba ya minazi msije mkatuletea. Inakaa juu mno na upepo unaichukua.

Lakini kupima joto hakuwezi kungoja bomba. Bahari isipopimwa kabla, baadaye kila mtu atasema joto hili lilikuwapo tangu zamani, nasi hatutakuwa na la kujibu. Tawi limekubali kununua vipima joto viwili kwa michango. Kimoja kitakaa kwa mama wanaookota chaza, watakipima kila bamvua na kila maji mafu, mahali pale pale, kina kile kile cha magoti. Cha pili kitakwenda na ngalawa. Madaftari yatakuwa mawili, moja litabaki kijijini na jingine litakuja kwetu. Matawi mengine ya pwani yanayotaka kufanya hivyo yatuandikie kabla ya kaskazi kuisha, ili miezi ya maleleji isitupite.